Vidole Viwili vya Kimo: Historia ya Kiti cha Magurudumu Eastlands

Nairobi iligawanywa kwa udongo. Wazungu walijitengea magharibi, kwenye miinuko ya udongo mwekundu usiotuamisha maji. Mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ndiko serikali ya kikoloni ilikowapangia Waafrika makazi. Pumwani ilianza mapema miaka ya 1920, Shauri Moyo ikafuata mwaka 1938, na Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940. Mpango mkuu wa mji uliotolewa mwaka 1948 na Thornton White, Silberman na Anderson, wataalamu kutoka Afrika Kusini, uliukuta mgawanyo huo umekwisha kukita mizizi. Kuanzia miaka ya 1960 zikaja Jericho na Uhuru, kisha Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, na mji ukazidi kutanuka kuelekea mashariki juu ya uwanda huohuo. Upande huo ndio Eastlands.

Mwenye kutembea huusikia udongo huo kwenye viatu. Anayejisukuma kwa kiti cha magurudumu huusikia begani. Masika yakifika kati ya Machi na Mei, tope hushika tairi na kupanda hadi kwenye duara la chuma analolishika kujisukuma, na kiti kilichoteleza vizuri kwenye lami ya Jogoo Road hugoma mara tu kinapokata kona kuingia mtaani. Bega hilo lina historia yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika kipimo kimoja ambacho ni wachache wanaokiuliza: aliyekaa yuko juu kiasi gani kutoka kwenye gurudumu lake?

Swali linaonekana dogo, lakini limewashughulisha wanasayansi kwa miongo kadhaa, na jibu lake linawahusu wakazi wa Makongeni kama linavyowahusu wa Amsterdam.

Tuanze na mkono wenyewe. Anayejisukuma hulishika duara la gurudumu nyuma kidogo ya nyonga, huvuta kwa muda mfupi, kisha husukuma mbele na chini mpaka mkono unapoachia karibu na paja. Mwanzoni msuli unaokunja kiwiko husaidia kuvuta. Halafu kifua na sehemu ya mbele ya bega hubeba mzigo mkubwa, na mwishoni msuli wa nyuma ya mkono hukinyoosha kiwiko. Mkono ukishaachia, kazi bado ipo, kwa kuwa misuli ya nyuma ya bega na ya mgongo wa juu huurudisha mkono nyuma ili uanze tena. Mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku kwa mtu mwenye shughuli zake.

Kiti kikiwa juu mno, mkono hulifikia gurudumu kwa shida. Kiwiko hunyooka, sehemu ya duara inayoweza kushikwa hufupika, na mtu hulazimika kupiga misukumo mingi mifupi badala ya michache mirefu. Kiti kikiwa chini mno, kiwiko hukunjamana, mkono hutanuka kando ya mwili, bega hunyanyuka, na misuli midogo inayokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega hubanwa. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi nyembamba ambamo misuli hugawana kazi kwa haki. Kupanda au kushuka kwa upana wa vidole viwili tu kunatosha kumtoa mtu katika nafasi hiyo.

Mwaka 1989, Luc van der Woude na wenzake wa chuo kikuu cha Vrije, Amsterdam, walichapisha utafiti uliokuja kutajwa kila jambo hili linapozungumzwa. Walibadilisha kimo cha kiti, wakapima hewa ya oksijeni ambayo mwili ulitumia na jinsi mikono ilivyokwenda. Nguvu ilipotea kidogo zaidi pale kiwiko kilipokuwa kimekunjwa kwa pembe ya kati ya nyuzi 100 na 120, mkono ukiwa umewekwa juu kabisa ya duara la gurudumu. Mkono ulionyooka kabisa ni nyuzi 180, kwa hiyo pembe hiyo ni ya kiwiko kilichofunguka kupita kidogo tu pembe mraba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, watafiti wa Kanada walibandika vihisio vya umeme kwenye misuli ya watu waliopooza miguu na kuwapima katika mikao sita. Misuli ilifanya kazi kidogo zaidi mtu alipokaa chini, na msukumo wake ukawa laini zaidi. Mwaka 2005 chama cha maveterani waliopooza cha Marekani kilichapisha mwongozo wa kuwasaidia madaktari kuilinda mikono ya watu waliovunjika uti wa mgongo, na pembe ileile ya nyuzi 100 hadi 120 ikawekwa ndani yake.

Sababu ya kuwekewa mwongozo ni maumivu. Bega limeumbwa ili mkono ufike mbali na kugeuka kila upande. Halikuumbwa kuubeba mwili mzima mchana kutwa. Tafiti mbalimbali zimekuta kuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili hivi za watu wanaojisukuma kwa mikono huumwa mabega. Juu ya hayo, kusukuma duara la gurudumu ni njia inayopoteza nguvu nyingi: katika kila sehemu kumi za nguvu ambazo mwili unatumia, takriban moja tu, pengine pungufu, ndiyo inayoishia kukisogeza kiti. Mwenye miguu mizima akiumwa goti anaweza kuiazima mikono kwa kutembelea mkongojo. Anayetembea kwa mikono hana kiungo kingine cha kuazima.

Kama elimu hii ipo tangu 1989, kwa nini viti vingi vinavyoonekana Eastlands humkalisha mtu juu? Jibu linaanzia mbali na Nairobi.

Mwaka 1933, jijini Los Angeles, Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyepooza baada ya ajali kazini, na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, walitengeneza kiti cha mabomba ya chuma kilichokunjika. Chini ya makalio ya mwenye kukaa vilipishana vyuma viwili kwa umbo la X, na kiti kizima kikaweza kujikunja na kuingia ndani ya gari. Everest alitaka uhuru wake mwenyewe. Lakini kampuni yao, Everest & Jennings, ilipopanuka, mnunuzi wake mkubwa akawa hospitali, na mahitaji ya hospitali yakawa mengine. Hospitali ilitaka kiti cha saizi moja kitakachompokea mgonjwa yeyote, chenye kimo kinacholingana na kitanda, chenye mishikio ya mtu wa kusukuma kutoka nyuma. Umbo likaganda hapo: kiti cha kimo cha sentimita 50 hivi kutoka sakafuni, magurudumu ya nyuma ya inchi 24, na ekseli iliyofungwa moja kwa moja chini ya mgongo wa kiti, isiyosogea mbele wala nyuma, juu wala chini. Kampuni iliitawala biashara hiyo kiasi kwamba mwaka 1977 serikali ya Marekani iliishtaki kwa kuhodhi soko.

Nakala za kiti hicho zilienea duniani. Ni kiti kinachomfaa mgonjwa anayepelekwa kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Mtu anayetoka Maringo kwenda sokoni Burma kwa mikono yake mwenyewe hakuwamo katika hesabu.

Nchini Kenya, biashara ya vifaa hivi ilianza kwa ajili ya polio. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya, APDK, kiliundwa mwaka 1958, wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiwaacha watoto wengi na miguu iliyonyong'onyea. Baada ya uhuru, watu wenye ulemavu hawakungoja kukumbukwa. Mwaka 1964 wanachama wa Muungano wa Vipofu wa Kenya walikwenda Ikulu kumpelekea Jomo Kenyatta kilio chao, na mwaka huohuo kamati ikaundwa chini ya Ngala Mwendwa, waziri wa kazi na huduma za jamii. Ripoti yake ilizaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa mwaka 1968, na huduma ya kuwafunza ufundi watu wenye ulemavu ikaanzishwa. Serikali ya Rais Moi iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, na mfuko wa kitaifa wa kuwasaidia ukafunguliwa kwa harambee.

Juhudi hizo ziliwapa watu viti, mikongojo na baiskeli za magurudumu matatu. APDK ilianzisha karakana zake, ikawa inatengeneza viti humuhumu nchini. Hata hivyo, mazungumzo ya miaka ile yalikuwa juu ya nani amepata kiti na nani hajapata. Suala la kiti kumkaa mtu vizuri lilikuwa bado halijapata nafasi mezani, na kwa nchi yenye foleni ndefu ya watoto wanaotambaa hilo linaeleweka.

Kuna jambo jingine lililouficha uzito wa kimo kwa miaka mingi. Polio huiharibu misuli lakini huacha hisia. Aliyepooza kwa polio huhisi akikaa vibaya, hujigeuza, na kwa hiyo anaweza kukaa kwenye turubai tupu au kimto chembamba. Mambo yalibadilika polepole. Chanjo ilipoenea, hasa baada ya serikali kuanzisha mpango wa kitaifa wa chanjo mwaka 1980, polio ya asili ya humu nchini ilikoma. Kisa cha mwisho kinahesabiwa kuwa cha mwaka 1984. Virusi vilivyopatikana baadaye viliingia kutoka nje au vilitokana na chanjo yenyewe, kama vile vilivyogunduliwa kwenye maji taka ya Kamukunji mwaka 2018. Huku polio ikipungua, ajali ziliongezeka. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zikajaa, na pamoja nazo wakaongezeka vijana waliovunjika uti wa mgongo, wakiungana na walioanguka kutoka kwenye mijengo.

Uti wa mgongo ukikatika, hisia huondoka pamoja na nguvu. Asiyehisi makalio yake hupata vidonda vya mgandamizo bila kujua, na vidonda hivyo huua. Kwa hiyo lazima akalie mto mnene, mara nyingi wa sentimita tano hadi kumi. Hapa hesabu za zamani huharibika. Kiti kilichokuwa juu kidogo kwa mtu wa polio humpandisha mwenye mto kiganja kizima juu ya gurudumu, kiwiko kikanyooka, na kila msukumo ukawa wa vidole badala ya kiganja. Kinyume chake pia hutokea: turubai la kiti likichakaa hulegea katikati, mtu huzama, magoti hukutana, mabega hukunjama mbele, naye anajikuta chini kuliko alivyokuwa siku kiti kilipokuwa kipya. Hakuna aliyekigusa kiti, lakini kimo kimebadilika.

Mwenye kulitatua jambo hili Eastlands yuko karibu, naye ni fundi wa jua kali.

Sifa za mafundi hawa zilivuka mipaka mapema. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyoufanya ulimwengu wa wachumi uanze kuutazama kwa heshima uchumi wa wale wasiosajiliwa popote. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea wafua chuma wa Kamukunji, akaahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga na jua, na tangu hapo serikali ikawa inawataja katika mipango yake. Jiko la makaa lenye udongo wa kufinyanga ndani lilienea miaka ya 1980 kupitia mikono ya mafundi kama wa Shauri Moyo. Kariobangi Light Industries ikawa mahali pa kuchongesha vipuri, kuyeyusha alumini na kuchomelea chochote chenye asili ya chuma. Anayevunjikiwa na kiti cha magurudumu Dandora au Umoja huanzia kwa watu hawa: fundi baiskeli wa kuziba pancha na kunyoosha spoki, na mchomeleaji wa kuunganisha bomba lililokatika.

Uwezo wao hauna ubishi. Ugumu uko kwenye mfano wanaonakili. Aliyeletewa kiti cha hospitali akitengeneze, au atengeneze kingine kama hicho, hunakili na vipimo vyake, ekseli ikichomelewa pale ilipokuwa. Ekseli iliyochomelewa haisogei. Kimo kilichochaguliwa kwa ajili ya wodi za Marekani kikafika hivyo mpaka vichochoro vya Kayole, kikipitia mikono ya watu waliokuwa na kila ujuzi wa kukibadilisha.

Mtu aliyeona mapema kwamba mafundi wa aina hii wanaweza kujenga kiti bora kuliko cha kiwandani alikuwa Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Alikwenda Nicaragua mwaka 1980, akawakuta vijana waliokuwa wakigawana kiti kimoja huku wakikitengeneza kila kinapovunjika, akaanza kubuni pamoja nao. Mwaka 1985 kitabu chake cha kuwaelekeza mafundi namna ya kujenga kiti kwa mabomba na vipuri vinavyopatikana sokoni kilichapishwa. Baadaye akaanzisha, katika chuo kikuu cha San Francisco State, kituo kilichokuja kuitwa Whirlwind. Ubunifu ulisafiri pande zote. Gurudumu dogo la mbele la mpira mpana, lisilozama kwenye mchanga na tope, lilibuniwa Zimbabwe na likaenda kufungwa kwenye viti vya mabara mengine likiitwa kwa jina la nchi hiyo.

Kutoka Uingereza, wabunifu David Constantine, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu, na Simon Gue walianzisha shirika la Motivation mwaka 1991. Kiti chao cha magurudumu matatu, chenye gurudumu moja lililosogezwa mbele sana, kilitengenezwa kwa ajili ya ardhi mbovu, kisipinduke kinaposhuka mtaro. Kwa Afrika Mashariki mchango wao mkubwa zaidi ulikuwa wa elimu. Wakishirikiana na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichofunguliwa Moshi mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, walianzisha kozi ya kuwafunza mafundi wa viti vya magurudumu kumpima mtu, kumchagulia kiti na kukirekebisha. Kutoka hapo walipatikana mafundi waliojua kwamba kazi huanza na futikamba mwilini mwa mteja, kabla ya kukata bomba lolote.

Upepo mwingine ulivuma wakati huohuo. Kuanzia mwaka 2000 mashirika ya Marekani yalianza kutuma viti kwa makontena. Shirika moja lilisafirisha viti vya kukunjika vya mtindo wa hospitali. Jingine, lililoanzishwa na mhandisi Don Schoendorfer mwaka 2001, lilichukua kiti cheupe cha plastiki cha kuwekwa bustanini na kukifunga kwenye fremu ya chuma na magurudumu ya baiskeli ya milimani. Maelfu kwa maelfu ya watu waliokuwa wakitambaa waliinuka kutoka ardhini kwa sababu ya misaada hiyo, na jambo hilo ni kubwa. Lakini kiti cha saizi moja kina kimo kimoja. Mwanamke mfupi wa Jericho na kijana mrefu wa Mathare wakipewa kiti kilekile, mmoja wao, pengine wote wawili, watajisukuma kwa viwiko vilivyonyooka kupita kiasi au kukunjika kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani lilijibu mwaka 2008 kwa mwongozo wa utoaji wa viti katika nchi zenye uwezo mdogo. Lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya mia anahitaji kiti, na likaeleza hatua nane za huduma, zikiwemo kumpima mtu, kukiandaa kiti, kumkalisha na kukagua, kumfundisha kukitumia, na kumfuatilia baadaye. Kimo kwa mtazamo huo kikawa haki ya mtumiaji. Mwaka huohuo Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Kenya yenyewe ikageuka kuwa mahali pa kupimia. Watafiti wa chuo kikuu cha LeTourneau cha Texas, wakiongozwa na Karen Rispin, walifanya kazi kwa miaka kadhaa na wanafunzi wenye ulemavu wa shule ya bweni nchini. Mwaka 2014 walichapisha ulinganisho wa kiti cha watoto kilichotoka nje na kingine cha saizi hiyo kilichotengenezwa hapa Kenya. Hawakutumia mashine ya mazoezi iliyo ndani ya maabara. Watoto waliendesha viti kwenye njia zao za kila siku, wakatoa maoni yao wenyewe, na jitihada ya miili yao ikapimwa. Viti vinavyosifiwa kwenye vitabu vya matangazo vilipaswa kuthibitisha ubora wake mbele ya mtoto anayekwenda darasani.

Kuna njia ya kulikwepa duara la gurudumu kabisa, na Afrika Mashariki imeitumia kwa ustadi wa kibiashara. Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda mjini Busia, wafanyabiashara wenye ulemavu walijijengea kazi ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, kazi ambayo wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliiandikia mwaka 2007. Baiskeli ya aina hiyo huwa na pedali mbele ya kifua na mnyororo unaoshuka hadi gurudumuni. Mkono hauachii wala haurudi mtupu. Husukuma na kuvuta mfululizo, na misuli ya kifua na ya mgongo hupokezana. Kwa safari ndefu njia hiyo humchosha mtu kidogo kuliko kusukuma duara. Nairobi pia ina baiskeli hizi, na baadhi ya wachuuzi wamezifanya duka na gari kwa pamoja. Udhaifu wake ni ukubwa. Haiingii chumba cha mita tatu kwa tatu, haipandi matatu, na haigeuki ndani ya choo.

Haya ndiyo yanayofanya suala la kimo Eastlands liwe gumu kuliko kwenye karatasi za Amsterdam. Kiti kikishushwa ili kiwiko kipate pembe yake, mahali pa kuwekea miguu napo hushuka, na hukwaruza kizingiti cha mlango au kukwama kwenye ukingo wa mtaro wazi. Kinachomfaa mtu barabarani kinaweza kumsumbua anapotaka kuhamia kitandani, kwa sababu kuupandisha mwili kwa mikono kwenda juu ni kazi nzito kwa bega kuliko kujisukuma kwenyewe. Kaunta ya kioski imejengwa kwa kimo cha anayesimama. Jiko la makaa liko sakafuni. Nyumba za zamani za Kaloleni ziko chini na mtu anaweza kufika mlangoni bila ngazi, lakini vyumba vya juu vya Buruburu hupandwa kwa ngazi za ndani, na majumba ya ghorofa tano na sita yaliyoota Umoja na Kayole mengi hayana lifti. Fundi mzuri hazingatii pembe ya kiwiko peke yake. Humuuliza mteja analala wapi, anapika wapi, anapanda nini kwenda kazini, kisha hutafuta kimo kinachoitosheleza siku nzima.

Mara nyingi suluhisho si kukishusha kiti kizima bali kulisogeza gurudumu. Ekseli ikiletwa mbele kidogo na kupandishwa, mkono hulipata gurudumu bila mahali pa miguu kushuka, na uzito hutua zaidi kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. Yale madogo ya mbele hupata wepesi na hayachimbi tena kwenye tope. Michael Boninger na wenzake wa Pittsburgh walionyesha mwaka 2000 kwamba ekseli iliyosogezwa mbele huwapa watu misukumo mirefu na kuwapunguzia idadi ya misukumo. Hatari yake ni kupinduka kinyumenyume, kwa hiyo husogezwa kidogokidogo, mtu akijifunza kuimudu, na vyuma viwili vya kuzuia kupinduka hufungwa nyuma.

Ushahidi wa wazi zaidi wa yote haya umetoka kwa mwanamke aliyezaliwa Kenya. Anne Wafula Strike, aliyezaliwa eneo la Webuye na kupatwa na polio akiwa na umri wa miaka miwili na ushei, alikimbia mbio za viti vya magurudumu kwa niaba ya Kenya katika michezo ya Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Kiti cha mbio humkalisha mkimbiaji chini kabisa, magoti yamekunjwa, mabega yako mbele juu ya magurudumu, na fremu nzima hukatwa kwa vipimo vya mwili wake peke yake. Hakuna mkimbiaji anayepewa kiti cha mwenzake. Kinachochukuliwa kuwa lazima kwa mwanariadha wa mita 400 kinaitwa anasa kwa mwanamke anayejisukuma kilomita kadhaa kila siku kutoka Dandora kwenda kuuza nguo Gikomba, ilhali yeye ndiye mwenye safari ndefu zaidi.

Sheria zimejaribu kumfikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye majengo ya umma kuyarekebisha ndani ya miaka mitano, na wenye magari ya abiria ndani ya miaka miwili. Katiba ya 2010, katika ibara ya 54, ilitambua haki ya kufika kila mahali na kupata vifaa. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya 385,000 wenye shida ya kutembea, kundi kubwa kuliko aina nyingine yoyote ya ulemavu iliyohesabiwa. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2025. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa viti kupitia mfuko wake, na kila kiti kinachotolewa ni nafasi ya kukipima kimo au ya kukiacha kama kilivyotoka kwenye boksi.

Chuma kinachohitajika kukirekebisha kimo hicho ni kidogo mno. Kibao cha chuma chenye matundu manane hadi kumi na mawili, kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa fremu, kinatosha kuifanya ekseli ipande, ishuke, iende mbele na kurudi nyuma. Mafundi wa Kariobangi hutoboa vibao vigumu kuliko hivyo kila siku kwa ajili ya mageti na mashine za kusaga. Kinachokosekana ni agizo: zabuni ya kaunti, ya baraza au ya shirika la misaada inayosema kwamba kiti hakitalipiwa mpaka mwenye kiti amekaa juu ya mto wake, ameweka mkono juu kabisa ya gurudumu, na fundi amekitazama kiwiko chake na kufunga bolti kwenye tundu linalomfaa. Baada ya miezi mitatu arudi akaguliwe tena, kwa kuwa mto utakuwa umebonyea na turubai limelegea. Kazi hiyo inaweza kufanyika kwenye ukumbi wowote wa jamii, kuanzia Kaloleni hadi Jericho, kwa spana mbili na mtu aliyefunzwa.